Ugonjwa Haungoji Faili

(Mazungumzo tuliyowapa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe, katika semina ya wenye kuuguza wagonjwa nyumbani. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Maradhi hayamuulizi mtu dini yake, na leo tumekuja kuzungumza juu ya maradhi.

Hatukuja na maneno makubwa. Tumekuja na kisa cha nyumba moja, na tutawaambia wazi kwamba katika kisa hiki sisi wenyewe tulikosea. Twasimulia ili nyinyi msikosee kama sisi.

Kulikuwa na baba mmoja Likoni, fundi wa kushona, mwanachama wa kikundi chetu. Jina lake hatutalitaja. Siku moja mkasi ulimwanguka. Akauokota, ukaanguka tena. Baada ya wiki chache akawa hawezi kupitisha uzi kwenye sindano. Akasema ni uchovu. Kisha mguu mmoja ukaanza kuburura, na siku moja akaanguka pale kwenye mteremko wa feri, watu wakamkanyagakanyaga. Mwishowe ulimi ukawa mzito. Wateja wakasema, "Fundi siku hizi anakunywa." Na mzee wa watu pombe hakuwa ameionja maishani!

Sasa, mwajua mambo yetu ya Pwani. Wengine walisema ni upepo. Wengine wakasema amerogwa na fundi mwenzake. Familia ikaenda kwa mganga wa kwanza, wa pili, hata wa tatu upande wa Kwale. Miezi minane ikapita kabla ya daktari mmoja kuwaambia jina la ugonjwa. Mkewe alikuwa akiuza mahamri asubuhi. Akaacha, kwa maana mgonjwa hakuweza tena kujigeuza kitandani. Binti yao alikuwa kidato cha pili. Naye akaacha shule ili amsaidie mama.

Hapo ndipo watu wakasema, "Mwandikisheni, serikali ina msaada." Kumbe kitambulisho chake kilikuwa kimepotea. Kutafuta kingine ni alama za vidole, na vidole vilikuwa vimejikunja. Mara tatu tulimvusha feri kwa kiti cha kuazima kwenda kupimwa ulemavu. Mara ya kwanza karatasi moja ilikosekana. Mara ya pili mhusika hakuwepo siku hiyo. Mara ya tatu alipimwa. Kila safari, nauli ya tuktuk peke yake ilikula faida ya mahamri ya siku tatu. Simu ya kutuita tukachukue kadi yake ilipigwa wiki ya tatu baada ya mazishi.

Ndugu zetu, kikundi chetu kilimchangia fundi yule mara tatu. Tulichanga kwa ajili ya mganga, tukachanga kwa ajili ya hospitali, tukachanga kwa ajili ya jeneza. Hakuna hata mara moja tuliyochanga nauli ya kwenda kumwandikisha alipokuwa bado anatembea. Hilo ndilo kosa letu, na ndilo linalotuleta hapa leo.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Kwenye karatasi ya hospitali huandikwa kwa herufi: MND, au ALS. Sisi twauita ugonjwa wa neva za mwendo. Katika ubongo na uti wa mgongo kuna neva ambazo kazi yake ni kuiamuru misuli: shika, tembea, meza, pumua. Katika ugonjwa huu neva hizo hufa kidogo kidogo. Msuli usiopata amri hulegea na kukonda. Huanza mkononi au mguuni, na kwa wengine huanza kwenye ulimi na koo. Mwisho hufika kwenye misuli ya kupumua.

Mambo matano yafaa kila kikundi kiyashike.

Kwanza, hauambukizi. Kula naye, mshike mkono, lala naye chumba kimoja.

Pili, si uchawi wala si laana. Kwa wagonjwa wachache, labda mmoja katika kumi au chini ya hapo, ugonjwa unatembea katika ukoo. Kwa wengine wote huja tu, bila mtu kujua umetoka wapi.

Tatu, kwa wengi akili hubaki timamu. Wako ambao mawazo au tabia hubadilika, lakini usidhani kwamba asiyeweza kusema hasikii. Fundi wetu alisikia kila neno lililosemwa juu yake mle chumbani, na machozi yalikuwa yakimtoka. Tulielewa baadaye.

Nne, dawa ya kuuponya haijapatikana popote duniani. Kuna dawa iitwayo riluzoli, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1995. Hurefusha maisha kwa miezi michache tu. Kwa hiyo mtu akikuambia ana dawa ya kuumaliza ugonjwa huu kwa bei ya mbuzi wawili, mwambie asante, uende zako.

Tano, na hili ndilo kubwa kwa mazungumzo yetu: unakwenda mbio. Wengi hufariki kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili zianze. Wako wachache wanaoishi zaidi. Yule mwanasayansi wa Uingereza, Stephen Hawking, aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akaishi hadi mwaka 2018. Lakini huyo ni wa peke yake. Joost van der Westhuizen, mchezaji wa raga wa Afrika Kusini aliyekuwa katika timu iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1995, mtu wa nguvu kabisa, aliambiwa mwaka 2011, na mwaka 2017 akafariki. Hiyo ndiyo hali ya wengi.

SERIKALI INATOA NINI?

Watu wengi huuliza, "Je, huu ni ulemavu au ni ugonjwa? Maana ofisi ya walemavu itatuambia huyu ni mgonjwa tu." Jibu liko katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 260 kinapoeleza maana ya ulemavu, kinataja pia ugonjwa unaomzuia mtu kufanya shughuli zake za kila siku kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu. Kwa hiyo mgonjwa wetu yumo. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kupata vifaa vya kumsaidia. Na kifungu cha 43 kinasema serikali itawapa msaada wa kijamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Mkifika ofisini, msiende kama waombaji wa sadaka. Nendeni kwa adabu, lakini mkijua kwamba mnadai haki.

Milango ni hii ifuatayo.

1. Kadi ya ulemavu. Hii ndiyo ufunguo wa milango mingine. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lilianzishwa chini ya sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya mahali pa ile ya zamani. Mgonjwa hupimwa kwanza katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Wengi wetu huenda Coast General kule kisiwani, lakini ulizeni kwanza Likoni au Port Reitz kabla ya kulipa nauli ya kuvuka. Ripoti ya madaktari ndiyo inayopelekwa kwa Baraza ili mtu aandikishwe. Siku hizi maombi hupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Kijana wa saiba atawasaidia.

2. Vifaa. Baraza lina mfuko wa maendeleo ambao hutoa viti vya magurudumu na vifaa vingine kwa walioandikishwa. Mfuko huo huo husaidia pia vikundi vya kujisaidia vya watu wenye ulemavu. Tena tusisahau tulio nao jirani. Chama cha Walemavu wa Viungo, APDK, kimekuwepo Kenya tangu mwaka 1958, na karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969. Watu hawa wanajua viti na magongo kuliko sisi sote. Waulizeni.

3. Pesa za Inua Jamii. Katika mpango huu kuna fungu la watu wenye ulemavu mkubwa, yaani wale wanaohitaji kuangaliwa mchana na usiku. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na nyumba iwe ni maskini kweli. Muuguzaji huandikwa jina lake ili apokee kwa niaba ya mgonjwa. Anayeulizwa ni afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, pamoja na chifu na naibu wake. Nafasi zina mpaka, na uandikishaji hufunguliwa kwa vipindi. Kwa hiyo jina lenu liwe limeshafika kwa chifu kabla ya kipindi kufunguliwa. Mgonjwa aliyefikisha miaka 70 anaweza kuingia kwa mlango wa wazee, lakini hapokei mara mbili.

4. Matibabu. Tangu Oktoba mwaka 2024 NHIF haipo. Mahali pake kuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Nyumba isiyo na mshahara hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Sheria yasema serikali itawalipia wasio na uwezo kabisa. Jiandikisheni wakati mko wazima, maana mgonjwa asiye na malipo huulizwa pesa mlangoni.

5. Aliyekuwa na kazi. Hapa twazungumza na ndugu zetu wa bandarini, wa magodauni ya Changamwe na wa mahoteli ya Bamburi. Mwanachama wa NSSF ambaye daktari amethibitisha kwamba hawezi kufanya kazi tena kwa ulemavu wa kudumu anaweza kudai mafao yake kabla ya umri wa kustaafu. Mwenye mshahara na kadi ya ulemavu aweza pia kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Ni kidogo, lakini asifukuzwe kabla hajazipata.

6. Kumtunza mtu asiyepona. Hapa Mombasa kuna Coast Hospice. Kazi yao ni kupunguza maumivu na kukosa pumzi, na kumfundisha muuguzaji namna ya kumgeuza mgonjwa na kumlisha. Watu hudhani kwenda huko ni kukata tamaa. Sisi twasema ni kupata msaidizi.

MBONA INACHELEWA?

Mtu atasema, "Mambo haya yote yapo, basi mbona fundi yule alikufa bila kupata hata senti?" Ni swali la haki.

Sababu ya kwanza ni sisi. Miezi minane ya waganga si ya serikali, ni yetu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sababu ya pili ni kwamba milango haiko nyumba moja. Tangu mwaka 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, lakini Baraza na pesa za Inua Jamii ni za serikali kuu. Daktari anayepima ni wa huku, anayetoa kadi ni wa kule, anayeandika jina la pesa ni mwingine tena. Hapo katikati mgonjwa anarushwa kama mpira. Na madaktari wa neva ni wachache nchini, wengi wao wako Nairobi. Wako wagonjwa waliopanda treni Miritini ili wakaambiwe jina la ugonjwa tu.

Sababu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Mpango mzima ulitengenezwa kwa mtu ambaye hali yake haibadiliki upesi. Mtu aliyekatwa mguu mwaka huu, mwaka ujao bado ni yule yule. Faili ikikaa miezi sita mezani, ataumia, lakini ataikuta. Mgonjwa wa neva za mwendo siye huyo. Akipimwa Januari anatembea kwa gongo, ataandikiwa ulemavu mdogo. Kadi ikitoka Juni, hawezi kuinua kijiko. Faili inatembea, ugonjwa unakimbia.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili. Kule Uingereza, daktari akithibitisha kwamba mgonjwa huenda asimalize miezi 12, maombi yake ya msaada hupitishwa kwa njia ya haraka, wala haitwi kupimwa kama wengine. Na anayemuuguza mtu kwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kupata posho yake mwenyewe. Mtasema hao ni matajiri. Haya, tuangalie hapa Afrika. Afrika Kusini mtu anayepokea pesa za ulemavu, kama hawezi kukaa bila mtu wa kumhudumia, huongezewa fungu jingine kwa ajili ya utunzaji huo. Kwetu, zile shilingi 2,000 ni za nyumba nzima. Gawanyeni kwa siku 30, ni kama shilingi 66. Muuguzaji hana fungu lake katika mpango huu. Yule mama wa mahamri alipoteza kazi yake, usingizi wake na mgongo wake, wala hakuna karatasi iliyoandika kwamba alifanya kazi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Baada ya msiba ule tulikaa chini, tukaulizana. Haikupita muda mrefu tukasikia habari za mama mmoja Kisauni, upande wa Mishomoroni, ambaye ameambiwa ana ugonjwa uo huo. Safari hii hatukungoja. Tutawaambia tuliyoyafanya, na mazuri yake na mapungufu yake.

Jambo la kwanza: siku ile ile jina la ugonjwa linapotajwa, kikundi kichague mtu mmoja wa makaratasi. Asiwe mke, asiwe mume, asiwe mtoto wa mgonjwa; hao wana kazi nyingine. Kwetu alikuwa katibu wa kikundi. Alinunua faili ya plastiki, akatia humo nakala za kitambulisho, barua za daktari, tarehe za kila safari na jina la kila afisa aliyezungumza naye. Afisa akimwona mtu amekuja na tarehe, humsikiliza kwa namna nyingine.

Jambo la pili: mambo ya mkono na ya mdomo yafanyike mapema. Alama za vidole, sahihi, namba ya siri ya simu, jina la atakayepokea pesa, mambo ya shamba na ya watoto. Mwulizeni mgonjwa mwenyewe angali anasema. Si uchuro. Ni heshima.

Jambo la tatu: mwombeni daktari aandike katika ripoti kwamba ugonjwa huu huzidi upesi. Maneno hayo machache husaidia sana. Na hali ikibadilika, rudini mkaombe apimwe tena, msikae na karatasi ya zamani.

Jambo la nne: nauli. Kabla ya kuchanga kwa ajili ya kitu kingine chochote, changeni nauli ya kuandikisha.

Jambo la tano: zamu. Mkono mmoja haulei mwana, wala mtu mmoja haugui na kuuguza peke yake bila kuvunjika. Kwa mama yule wa Kisauni tulipanga watu kumi na wawili. Kila mmoja alikuja nusu siku kwa wiki: mmoja Jumatatu asubuhi, mwingine alasiri, na kadhalika. Wahudumu wa afya wa jamii walitufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, kumlisha akiwa ameketi wima, uji mzito badala ya maji matupu, kijiko kidogo kidogo ili asipaliwe. Ulimi uliposhindwa tulikubaliana naye: akifumba jicho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Alitutania kwa macho hayo mpaka mwisho.

Jambo la sita: mtoto wa shule asitolewe shule. Kikundi kiandike barua kwa mwalimu mkuu, kitafute basari, na zamu zipangwe ili saa za masomo mtoto awe darasani. Twawaambia kwa uchungu, kwa maana binti wa fundi alirudi shuleni mwaka uliofuata, akakuta wenzake wamemwacha nyuma, na ile mwaka hakuna atakayemrudishia.

Je, tulifaulu Kisauni? Kadi ilipatikana mwezi wa nne. Kiti cha magurudumu kilifika naye bado anaweza kukikalia, akapelekwa kanisani na harusini. Pesa za Inua Jamii hazikufika. Kipindi cha kuandikisha hakikufunguliwa akiwa hai. Hatuwezi kuwaambia vingine. Lakini mumewe hakuacha kazi yake ya uashi, na watoto hawakuacha shule. Alipofariki, nyumba ilibaki imesimama.

TUNALOLIDAI

Wako watakaosema, "Basi kama kikundi chaweza, serikali ya nini?" Hapana, wapendwa. Watu kumi na wawili wa Kisauni walikuwa akina mama wa genge, waashi na wastaafu. Walitoa kile walichokuwa hawana. Kikundi kisifanywe kisingizio cha serikali kukaa kitako. Katiba yataka wananchi washirikishwe katika bajeti. Mikutano hiyo ya maoni inapoitishwa, twendeni, na tuseme mambo matatu tu, sote kwa sauti moja:

La kwanza, mgonjwa asiyeweza kuvuka feri afuatwe nyumbani apimwe huko.

La pili, faili ya ugonjwa unaokwenda mbio itiwe alama, itangulie mbele ya nyingine, na jina la mgonjwa wa namna hii lisingoje kipindi cha kuandikisha.

La tatu, muuguzaji ahesabiwe. Aandikwe jina, afundishwe kazi, na awe na fungu lake.

Mwakumbuka katika Injili wale watu wanne waliomleta mwenye kupooza. Walikuta mlango umejaa watu. Hawakurudi nyumbani wakilia, wala hawakumwambia mgonjwa angoje mpaka umati upungue. Walipanda juu wakatoboa paa. Sisi tukiisoma habari hii siku hizi, twaona mambo mawili: kwamba walikuwa wanne, si mmoja, na kwamba hawakungoja. Ndugu zetu Waislamu nao wana mafundisho yao juu ya kumzuru mgonjwa, na katika zamu zetu za Kisauni walikuwemo. Mlango ukijaa, sote tujue njia ya paa.

Tukirudi makwetu, kila mmoja atazame jirani zake. Yuko nani ambaye mkasi umemwanguka? Yuko nani ambaye watu wanasema amelewa, na hajanywa? Tusingoje mpaka tuitwe kuchanga jeneza.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, nani anamuuguza mtu asiyeweza kujihudumia? Je, tumewahi kumuuliza yeye mwenyewe analala saa ngapi?

2. Kitambulisho cha kila mwanachama kiko wapi? Nani amepoteza chake, na tutamsaidiaje kabla hajaugua?

3. Mwaka uliopita kikundi chetu kilichanga kiasi gani kwa ajili ya mazishi, na kiasi gani kwa ajili ya walio hai?

4. Tukipata mgonjwa kesho, nani atakuwa mtu wa makaratasi, na nani watashika zamu? Andikeni majina leo.